Mzigo Ukipotea Njiani Kwenda Mafia, Nani Arudishe Fedha?

Mfanyabiashara wa Kilindoni anayeagiza bidhaa Kariakoo kwa simu hulipa kwanza. Kisha mzigo hupita mikono mitatu: duka, gari hadi Nyamisati, na chombo cha kuvusha hadi kisiwani. Ukipotea, kila mmoja humtupia mwenzake lawama.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba muuzaji aliyeruhusiwa kutuma mzigo akishaukabidhi kwa msafirishaji, kwa kawaida huhesabiwa kuwa amemkabidhi mnunuzi. Hapo hasara humwangukia mnunuzi, naye hubaki kumdai msafirishaji. Hata hivyo, muuzaji aliyetuma mzigo bila mapatano ya busara na msafirishaji hawezi kujificha nyuma ya kanuni hiyo.

Kanuni hiyo hubadilika pande mbili zikikubaliana vinginevyo. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi apate ujumbe wa muuzaji unaosema: "Mzigo utakabidhiwa Kilindoni, na hasara ya njiani ni yangu." Mzigo usipofika, deni la kurudisha fedha ni la duka.

Kumbukumbu za kutunza ni tatu: ujumbe wa malipo, makubaliano hayo, na stakabadhi ya msafirishaji inayotaja thamani ya mzigo. Msafirishaji wa vifurushi mwenye leseni ya TCRA hulalamikiwa kwanza ofisini kwake, kisha TCRA. Asiye na stakabadhi huenda akakosa pa kuanzia.