Elfu Moja Kuanzia Mkiani

Ukimuuliza Mswahili umri wa bibi yake, atakwambia sabini na tano: kubwa mbele, dogo nyuma. Mwarabu, ambaye hiyo sabini tumeikopa kwake, huanza na tano ndipo aje kwenye sabini. Bibi hazidi wala hapungui mwaka. Kompyuta nazo zimegawanyika hivyohivyo.

Kumbukumbu ya kompyuta ni safu ndefu ya visanduku vyenye namba, na kila kisanduku hubeba baiti moja, yaani kiasi cha kuanzia 0 hadi 255. Elfu moja haiingii humo. Hukatwa vipande viwili, 3 na 232, kwa kuwa 3 mara 256, ukijumlisha 232, ni 1,000. Kipi kitangulie? Kompyuta kubwa za IBM huweka 3 mbele. Vichakataji vya Intel huanza na 232, na simu zetu za kisasa karibu zote hufanya hivyo. Mashine ya upande mmoja ikisoma faili la upande wa pili bila kuambiwa, itazidisha 232 kwa 256, iongeze 3, ipate 59,395. Hakuna baiti iliyopotea, ila deni la elfu moja limekaribia elfu sitini.

Kuanzia mkiani si wazimu. Darasani sote tulijumlisha kwa kuanza na mamoja, kinachozidi tukakibeba kwenye makumi. Datapoint 2200, mashine ya mwaka 1970, ilijumlisha biti moja moja, yaani tarakimu baada ya tarakimu, kwa hiyo ilitaka kipande kidogo kwanza. Chipu ya Intel 8008, iliyotoka mwaka 1972, ilibuniwa kufuata maagizo ya mashine hiyo. Yenyewe haikuhitaji kuanza na kidogo, lakini ilirithi, na wajukuu zake wanarithi hadi leo. Kwa maoni yangu, hapa mazoea yameshinda hoja.

Tarehe 1 Aprili 1980, mtaalamu wa kompyuta Danny Cohen aliandika waraka wa kuwasihi wahandisi waache ugomvi wa kipi kitangulie. Majina ya makundi yao mawili, la kubwa mbele na la dogo mbele, aliyachukua kwa mwandishi Jonathan Swift, ambaye katika kitabu chake cha 1726 watu wanapigana vita kwa sababu ya ncha ya kupasulia yai. Siku ya wajinga, ndiyo, lakini hoja ilikuwa nzito: kukubaliana ni muhimu kuliko upande utakaoshinda. Kanuni za intaneti zinataka kubwa mbele, hivyo simu yako hulazimika kugeuza mpangilio wa baiti za baadhi ya namba inapotuma kitu.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, tafuta picha ya aina ya TIFF, uifungue kwa programu inayoonyesha baiti kwa namba za kawaida. Herufi mbili za kwanza zikiwa II, namba 42 inayofuata imeandikwa 42, 0. Zikiwa MM, imeandikwa 0, 42.