Fizikia Huachwa Januari, Majuto Huja Baada ya Miaka Miwili

Wazazi wengi huanza kuhangaikia masomo ya mtoto akishamaliza kidato cha nne. Hapo ndipo simu zinapopigwa: "Mwalimu, tahasusi gani itamfaa, PCB (fizikia, kemia, biolojia) au HGL (historia, jiografia, Kiingereza)?" Nimefundisha sekondari miaka mingi, na naweza kusema kwamba kwa watoto wengi swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani, tena mzazi hakuulizwa.

Lilijibiwa mtoto alipotoka kidato cha pili kuingia cha tatu. Katika mtaala tuliouzoea, kila mwanafunzi husoma fizikia na kemia kwa miaka miwili ya mwanzo. Baada ya hapo masomo ya lazima hubaki saba: Hisabati, Biolojia, Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia na Uraia. Fizikia na kemia huwa za hiari, na hiari hiyo huamuliwa haraka mno.

Nakumbuka Januari moja. Mwalimu wa taaluma aliingia darasani na karatasi ya matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, akasema wa sayansi wakae upande wa madirisha, wa sanaa upande wa mlango. Binti mmoja mwenye C ya kemia na D ya fizikia alibaki amesimama katikati na daftari zake kifuani. Akaangalia rafiki zake wamekaa wapi, akaenda mlangoni. Kipindi hakikuwa kimeisha. Nyumbani alisema amepangiwa sanaa, mama yake akamwambia asome kwa bidii.

Baada ya matokeo ya kidato cha nne walikuja wote wawili. Binti alitaka stashahada ya uuguzi. Kozi hiyo, kama ile ya utabibu, inadai ufaulu wa biolojia, kemia na fizikia, na D ni ufaulu. D ile ile iliyomtisha ingemfikisha alikotaka kwenda. Nilikosa la kumwambia mama yule, maana nami nilikuwamo darasani siku ile, nikanyamaza.

Shule nazo zina sababu zake. Pengine mwalimu wa fizikia ni mmoja kwa mikondo sita, au maabara ni chumba chenye meza tupu. Pia ipo hofu ya wastani wa shule: Baraza la Mitihani (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini vikao vya tathmini bado vinalinganisha shule na shule, na mwanafunzi dhaifu wa fizikia huonekana mzigo.

Hapa ndipo mzazi anapaswa kujua hesabu. Daraja la mwanafunzi hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Anayefanya tisa, akianguka fizikia, somo hilo halimshushi daraja maadamu mengine saba ni mazuri. Akifaulu, amejifungulia mlango. Ni kweli mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa hadi 65, na ni jambo jema, lakini tahasusi yenye fizikia haimpokei asiyeifanyia mtihani. Na mitaala mipya, pamoja na mkondo wake wa amali, inaleta maamuzi ya namna hii mapema zaidi.

Simwambii mzazi amlazimishe mtoto sayansi. Yupo anayependa historia kwa moyo wote, aachwe aisome. Ninachokataa ni mtoto wa miaka kumi na tano kuamuliwa maisha na nafasi iliyobaki kwenye dawati.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwanao akiwa kidato cha pili, usisubiri kikao cha wazazi. Mwulize anapenda kazi gani, kisha nenda shuleni kabla mikondo haijagawanywa, umwone mwalimu wa taaluma na kumwuliza mambo mawili: mwanangu ataacha somo gani, na nani ameamua hivyo?