Fedha ya Mafuriko Humfuata Aliyeandikwa

Mafuriko yakiisha kupita, mwenye nyumba hurudi akakuta tope chumbani, ghala tupu na mifugo imechukuliwa na maji. Msaada wa blanketi na unga humfaa kwa siku za kwanza. Baadaye huhitaji nauli, dawa, mbegu na mabati, na vitu hivyo havipatikani ila kwa fedha. Kwa sababu hiyo serikali nyingi huwapa waliofikwa na mafuriko fedha taslimu. Serikali ya Pakistan ilifanya hivyo mwaka 2010 na tena mwaka 2022, na yaliyotokea huko yana mafunzo kwa kila familia, hasa ile ambayo baba yake yuko kazini mbali.

Kadi ya mwaka 2010

Mwishoni mwa Julai 2010, mvua za pepo za kusi zilizidi kiasi, na mto Indus ukavunja kingo zake. Karibu sehemu moja katika tano ya nchi hiyo iliguswa na maji. Watu wapatao milioni 20 walidhurika, na karibu 2,000 walikufa. Askari wa jeshi walitumwa kwa mashua na helikopta kuwaokoa wananchi waliozingirwa.

Mwezi Septemba Serikali ilianza kutoa kadi ya benki iliyoitwa Watan, yaani nchi ya asili. Kila familia iliyokubaliwa ilipata rupia 20,000 kwanza, na baadaye wengine waliongezewa rupia 40,000 kwa mafungu mawili. Kazi ya kuwatambua watu ilipewa idara ya vitambulisho vya taifa, NADRA, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Hapo ndipo matatizo yalipoonekana. Kadi ilitolewa kwa mkuu wa nyumba mwenye kitambulisho, naye mara nyingi alikuwa mwanamume. Wajane wasio na kitambulisho, na wanawake wengine waliokuwa wakitunza watoto peke yao, walijikuta nje ya orodha ingawa nyumba zao zilikuwa zimebomoka kama za jirani. Wanawake wengi walijiandikisha kwa mara ya kwanza baada ya maafa hayo, kwa kuwa bila karatasi hiyo hapakuwa na malipo.

Daftari lililotangulia maji

Mwaka 2022 mafuriko yalirudi, makali zaidi katika majimbo ya Sindh na Balochistan. Watu milioni 33 walidhurika, na zaidi ya 1,700 walikufa. Safari hii Serikali haikuanza orodha mpya. Ilitumia daftari la mpango wa kusaidia maskini ulioanzishwa mwaka 2008, uitwao Benazir, ambao humlipa mama wa nyumba na kumtambua kwa alama za vidole. Kila familia iliyostahili ilipewa rupia 25,000. Malipo yalianza mwezi Agosti, wakati maji yalikuwa bado hayajapungua, na familia zaidi ya milioni 2.5 zikayapata.

Hayo hayana maana kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Palikuwa na malalamiko kwamba baadhi ya mawakala walimega fedha za akina mama kabla ya kuwakabidhi. Wala rupia 25,000 hazijengi nyumba. Kwa ajili ya ujenzi, jimbo la Sindh lilianzisha mpango mwingine wa rupia 300,000 kwa kila nyumba, zinazoingizwa katika akaunti ya benki kwa mafungu kadiri kuta zinavyopanda. Katika mpango huo hati za kiwanja huandikwa kwa jina la mama.

Yafaayo kufanywa nyumbani

Tofauti ya miaka hiyo miwili yaonyesha kwamba fedha hufika upesi pale ambapo jina la mwenye haki liliandikwa kabla ya mvua. Mke wa askari au wa polisi asitegemee kitambulisho cha mumewe peke yake, kwani mume aweza kuwa amepelekwa mbali siku ile maji yanapoingia. Na awe na kitambulisho chake mwenyewe, tena jina lake na la watoto yajulikane kwa kiongozi wa mtaa.

Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na hati ya kiwanja vifungwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, viwekwe mahali pa juu, na nakala zake ziachwe kwa ndugu anayekaa mbali na mto. Baada ya mafuriko, kila kilichoharibika kiandikwe kabla hakijatupwa, ili mkaguzi akija pawepo na la kumwonyesha.

Siku ya malipo, mama na azihesabu fedha zake palepale mbele ya anayelipa, wala asimpe mtu namba yake ya siri, hata akiwa ni mtu wa kusaidia. Akifika nyumbani, dawa, chakula cha watoto na mbegu vitangulie. Kitakachobaki, kiwe kingi au kidogo, mume na mke wakishauriane pamoja, hata ikiwa ni kwa barua au kwa simu.