Kikaza Cheni Kibadilishwe Mapema

Gari la chama cha msingi huko Mvumi, wilayani Kilosa, likikwama wakati wa mavuno, mazao ya wanachama hukwama pamoja nalo. Kwa hiyo mlio wa kugongagonga usikikao injini inapowashwa asubuhi, kisha ukatoweka, haufai kupuuzwa. Huenda ni dalili kwamba kikaza cheni kimechoka.

Cheni ya taimingi huunganisha krankishafti na kamshafti ili vali zifunguke kwa wakati wake. Kikaza huibana kwa springi na kwa nguvu ya oili. Cheni ikilegea na kuruka jino, vali zaweza kugonga pistoni, na hasara yake ikawa injini nzima.

Katika injini ya Toyota 1ZZ, iliyomo katika baadhi ya Corolla, kikaza hufungwa kwa nje, na kazi yaweza kufanyika nyumbani:

1. Injini ipoe, na waya hasi wa betri ufunguliwe.
2. Nati 2 za kikaza zifunguliwe. Kikaza kikiwa nje, injini isizungushwe kamwe.
3. Ncha ya kikaza kipya isukumwe ndani, ishikwe kwa kindoano chake, kisha kifungwe pamoja na ringi mpya ya mpira. Nati zikazwe kwa nyutoni-mita 9 tu.
4. Krankishafti izungushwe kidogo kwa spana kinyume cha saa ili kindoano kiachie, kisha kwa mwendo wa saa, ncha ikaze cheni.

Mlio ukiendelea, fundi akague cheni yenyewe. Oili chafu huharibu kikaza. Makatibu waandike tarehe ya kila badiliko la oili katika daftari la gari.