Trekta Dogo kwa Mkulima wa Masasi na Newala

Mwenye fedha chache anunue trekta gani? Twajibu: na atazame kwanza udongo wake na miti yake, ndipo atazame mtambo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea, jirani yetu, iliingizwa humo. Yaliletwa matrekta mengi makuukuu, mabaki ya vita. Vipuri vikakosekana, na mwaka 1951 mpango ule ukaachwa.

Udongo wa Newala ni mchanga mwepesi, hauhitaji nguvu nyingi. Tena mizizi mingi ya mkorosho hutambaa karibu na uso wa nchi, na plau ikizama sana huikata. Kwa hiyo haro nyepesi yafaa zaidi. Lakini kifaa cha kwanza, kwa maoni yetu, ni tela. Haro hufanya kazi majuma machache tu, bali tela hubeba korosho, mbolea, na maji, ambayo kule juu ni shida ya tangu zamani. Na jirani hulipa ujira.

Pawatila ya magurudumu mawili ni nafuu, ila hulimisha mtu akitembea nyuma yake juani. Kabla hamjalipa, ulizeni Masasi mjini kama chujio la dizeli na matairi yake hupatikana. Yasipopatikana, iacheni mashine hiyo, hata ikiuzwa rahisi.