Ukoo wa Kupe Huhesabiwa kwa Mama

Mfugaji, mtazame ng'ombe wako shingoni, tumboni na mapajani. Huenda ukaona kupe wa rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Sisi huwaita wote kupe wa buluu, lakini yafaa ujue kwamba pengine hapo pana makabila mawili. Mmoja ni mwenyeji wa Afrika, na wataalamu humwita Rhipicephalus decoloratus. Wa pili ni mgeni, Rhipicephalus microplus, ambaye asili yake ni Asia, naye alifika Afrika pamoja na ng'ombe waliovushwa bahari. Mgeni huyo amekwisha kuonekana Kwale, katika pwani yetu, na Uganda pia.

Kwa macho matupu huwezi kuwapambanua. Mtaalamu humweka kupe chini ya darubini na kuhesabu safu za meno ya mdomo wake: mwenyeji ana safu tatu kila upande, mgeni ana nne. Lakini kupe akivutwa kwa nguvu mdomo hukatika na kubaki ngozini, na hapo hakuna tena cha kuhesabu.

Kwa nini ujali? Mwenyeji hueneza aina moja ya ugonjwa wa kukojoa damu. Mgeni hueneza hiyo na nyingine iliyo kali zaidi, ambayo vijidudu vyake hukwama katika mishipa midogo ya ubongo. Ng'ombe huyumbayumba, akaanguka, akafa. Tena mgeni huyu anajulikana katika nchi nyingi kwa kuzoea dawa upesi. Mwenye ng'ombe akiogesha kila juma na bado anaona kupe tele, hulaumu josho kwamba dawa imetiwa maji mengi. Mara nyingi ni kweli! Lakini pengine dawa ni sawa, na waliobadilika ni kupe.

Hapa ndipo elimu ya vinasaba inaposaidia. Mwili wa kila mnyama umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Ndani ya seli mna vitu vidogo zaidi, mitokondria, na kazi yake ni kama ya jiko: hutoa nguvu kutoka katika chakula. Mitokondria ina vinasaba vyake yenyewe, vilivyopangwa kwa duara kama shanga za mkufu. Mkufu wa kupe una jeni 37, na herufi zake hazizidi sana 15,000. Vinasaba vingine vya kupe, vile vikubwa, vina herufi zaidi ya milioni 2,000. Basi kuusoma mkufu ni kama kusoma barua, na kuvisoma vile vingine ni kama kusoma kabati zima la vitabu.

Na mkufu huo hurithiwa kwa mama peke yake. Baba hatii kitu. Wengi wetu katika Kenya huhesabu ukoo kwa baba, lakini Wadigo wa Kwale, ambao desturi yao ya zamani ilikuwa mtu kumrithi mjomba wake, watafahamu habari hii upesi kuliko sisi wengine. Mama humpa binti, binti humpa mjukuu, na mara moja moja herufi moja hukosewa katika kunakili. Kosa hilo nalo hurithiwa. Ukilinganisha kupe wawili na kukuta tofauti chache, ujue bibi yao ni wa karibu. Zikiwa nyingi, bibi yao ni wa zamani sana.

Hata mpangilio wa shanga husema jambo. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Black na Roehrdanz, walitangaza mikufu mizima ya kupe wa aina mbili. Mmoja, Ixodes hexagonus, hukaa juu ya kalunguyeye huko Ulaya. Jeni zake zimepangwa sawa na za Limulus, kiumbe wa baharini mwenye gamba kama kwato ya farasi, kwa hiyo mpango huo ni wa kale mno. Wa pili ni kupe wa mbwa, unayemjua. Kwake kipande kizima cha mkufu kimehama mahali pake. Kuhama huko huko kumeonekana kwa kupe wa buluu na jamaa zake, na kwa kuwa si rahisi jambo kama hilo litokee mara mbili kwa namna moja, wametoka kwa mama mmoja.

Zamani kupe wa buluu walikuwa na jina la jamii yao wenyewe, Boophilus. Vinasaba vilipoonyesha kuwa ni tawi tu la jamii ya kupe wa masikio, Murrell na Barker waliwaunganisha mwaka 2003. Ukikuta jina la Boophilus katika kitabu cha zamani, ni hao hao. Kupe wa ng'ombe wa Australia naye alihesabiwa kuwa microplus mpaka mwaka 2012, aliporudishiwa jina lake, Rhipicephalus australis. Mwaka 2014 mikufu mizima ilionyesha kwamba hata katika hao waliobaki na jina la microplus mmejificha aina nyingine.

Na kupe wa masikio, mleta ndigana? Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba hapa Kenya ana koo mbili za upande wa mama, zinazokaa pamoja. Usidhani kwamba ni kupe wa aina mbili. Vinasaba vya pande zote mbili, baba na mama, vilipopimwa, mgawanyiko haukuonekana, wanaoana. Ndio upungufu wa mkufu huu: hausemi lolote juu ya baba, na mtaalamu mwangalifu hautegemei peke yake.

Yafaa pia ujue kwamba kupe wa masikio wa kusini mwa Afrika hungoja majira ya mvua, akapata kizazi kimoja kwa mwaka. Wetu, karibu na ikweta, hawangoji. Mashauri ya kuogesha kwa majira, yaliyoandikwa kwa ajili ya huko, hayafai kufuatwa hapa bila kumwuliza afisa wa mifugo.

Ukiwa na mashaka juu ya kupe wako, watoe polepole kwa kibano, karibu na ngozi, uwatie katika chupa ndogo yenye spiriti. Usitumie formalini, maana huharibu vinasaba. Andika kwa kalamu ya risasi tarehe, mahali, na dawa unayotumia, uitie karatasi ndani ya chupa, kisha umpelekee afisa wa mifugo. Andika pia ng'ombe alinunuliwa wapi. Kupe wa buluu hukaa juu ya mnyama mmoja majuma matatu hivi, tangu utoto hata ukubwa, kwa hiyo ng'ombe mmoja wa mnadani aweza kuleta jamaa nzima. Mtenge, umwogeshe, na umkague tena kabla ya kumchanganya na wenzake.