Nambari ya Kinyago na Jina la Mchongaji

Wahenga walinena: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Leo, msomaji mpendwa, natutazame kinyago pamoja na aliyekichonga, kwani kinyago twakijua, lakini mchongaji hatumjui.

Ukitoka Machakos kwa njia ya Kitui utapita soko la Masii, kisha utafika Wamunyu. Huko ndiko ilikoanzia kazi ambayo sisi watu wa Mombasa twaiona Changamwe miaka nenda miaka rudi. Mzee Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akajifunza kwa Wazaramo kuchonga mpingo. Vita vilipokwisha mwaka 1918, alirudi kwao na ujuzi ule. Ukakaa kwanza kwa jamaa zake, halafu ukawafikia majirani, hata ukaenea pande zile zote. Basi kazi tuitayo ya bara ilitoka pwani ya Mrima, ikapanda Ukambani, kisha ikateremka tena baharini kutafuta wanunuzi.

Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliokuwa Mombasa waliungana wakaunda chama cha ushirika Changamwe. Wamunyu nako wana chama chao. Mpango wake ni huu: mtu huchonga kibandani mwake kwa tezo na kisu, kisha hupeleka kazi yake katika ukumbi mmoja wa maonyesho walio nao wote shirika. Humo utakuta twiga, paa, vifaru, mabakuli na vijiko. Kila kitu kina bei yake na nambari ya mwanachama. Mgeni akinunua, chama hukata sehemu yake, na mwenye nambari hupata haki yake. Hakuna haja ya dalali.

Wako wasemao kwamba hilo ni duka tu, si nyumba ya sanaa. Mimi nasema nyumba ya sanaa hupimwa kwa lile inalowatendea wasanii siku ya dhiki. Na dhiki iliwajia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachongaji wa Kenya walikadiriwa kufika 60,000 hivi, na mpingo na muhugu vikawa adimu misituni. Mtu mmoja na tezo yake angefanya nini? Lakini kwa kuwa walikuwa na chama, walikuwa na pa kukutania na wataalamu wa misitu, wakajaribu miti mingine: mwembe, mjakaranda, na mwarobaini wetu huu, uliotoka Bara Hindi, ambao sisi twauchemsha majani kwa homa. Mkulima wa pwani akapata mteja wa mti wake wa uani, na mwaka 2005 vinyago vya Changamwe vilivyochongwa kwa mwarobaini vikapata cheti cha kimataifa cha misitu.

Hata hivyo, ukumbi huo una upungufu mmoja, nao ni ile nambari.

Nairobi iko nyumba nyingine, Paa ya Paa, iliyoanzishwa mwaka 1965 na mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, pamoja na wenzake. Jina lake ni fumbo la Kiswahili safi: paa mnyama, na paa kupaa. Mwaka 1997 moto uliiteketeza pamoja na kazi nyingi za sanaa, lakini wenyewe hawakuondoka, wakaanza tena. Wito wao mkuu ni kwamba msanii asiige, kwani kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Tuliosoma vyuoni neno hilo la kumlaza tutalikataa, lakini makusudio yake twayaelewa: kila mja amepewa chake, basi na akitoe. Wasanii wa hapo hujulikana kwa majina yao.

Paa wa Wamunyu, kwa upande wake, huchongwa elfu kwa sura moja, kwa kuwa ndiye anunuliwaye. Simlaumu mchongaji, watoto hawali sifa. Wala sisi wa pwani, tuliozoea nakshi za maua milangoni na kujiepusha na sanamu za viumbe, hatuna haja ya kuweka kinyago sebuleni ndipo tuithamini kazi ya mkono. Bakuli la mwarobaini halina sura ya mtu wala mnyama, na ustadi wake ni ule ule.

Nawaomba basi wakuu wa vyama hivyo jambo moja lisilo gharama: kando ya nambari waandike jina na kijiji. Nambari yamtosha karani wa kugawa fedha. Lakini siku moja mjukuu atauliza ni nani aliyelichonga bakuli hili, na haitafaa kumjibu kwa hesabu. Mzee Mutisya twamtaja leo kwa sababu jina lake lilihifadhiwa. Waliomfuata, wa Wamunyu, wa Masii na wa Changamwe, nao wana majina.